Nauza gitaa kavu la zamani lililopigwa sana: nilitengeneze kwanza au niliuze lilivyo?

KidoleGumba (mwenye mada)

Wakuu, salaam.

Naomba ushauri kabla sijaharibu kitu. Nina gitaa kavu, Yamaha FG-180, lile ambalo karatasi yake ya ndani ni nyekundu. Nimelipiga miaka 23, na aliyeniuzia naye alilipiga haswa, maana lilinifikia likiwa limeshachoka. Sasa naliuza. Msianze kuniuliza kama nimefulia. Tatizo ni kidole gumba cha kushoto. Kiungo cha chini kimelika, nikishika kodi (noti za pamoja) ya F dakika tano tu, usiku silali. Nimehamia gitaa la nyuzi za nailoni, halinidai nguvu nyingi. Hili la nyuzi za chuma liko juu ya kabati miezi minane sasa, limegeuka rafu ya vumbi.

Hali yake ni hii. Mbele, chini ya tundu la sauti, piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) imekula vanishi yote nje ya ile plastiki ya kukinga. Ni sehemu ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, na ubao wake umeingia weusi wa jasho. Ukingo wa juu, pale mkono wa kulia unapolala, vanishi hakuna kabisa, pako laini kama mpini wa jembe. Freti (vile vyuma vya kukatiza shingoni) tatu za kwanza zina vishimo chini ya uzi wa kwanza na wa pili, ukipitisha ukucha unakwama. Kigingi cha kukazia uzi wa tatu si cha asili, wenzake ni vyuma na chenyewe kina kichwa cheupe. Pini inayobana uzi wa tano ilikatika mwaka wa kwanza tu, nusu ikaangukia ndani sikuiona tena, nikachonga nyingine kwa mpini wa mswaki. Hiyo ya mswaki haijawahi kuchomoka hata siku moja, naomba iheshimiwe.

Kuna na mstari kama ufa, unaanzia nyuma ya daraja (kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi) kuelekea chini, sentimita 9 hivi. Nyuzi ziko juu kidogo, ila ndivyo lilivyokuwa tangu nilinunue.

Tangazo nimeshaliandika, ni hili:

"Gitaa kavu la zamani, Yamaha FG-180 ya mwaka 1967, uso wa ubao mzima wa sprusi, ubao wa vidole wa rozwudi ya Brazili. Limepigwa lakini limetunzwa. Sauti iliyokomaa."

Kuna jamaa anayepaka fanicha amesema atalipiga msasa uso wote na kulipaka vanishi mpya ling'ae kama jipya. Nimkubalie? Freti nibadilishe? Na ufa nizibe? Ama niliuze hivi hivi na makovu yake?

Sauti ya Sita

Mkuu, usiguse kitu! Willie Nelson, yule mwanamuziki wa Marekani, anapiga gitaa la Martin N-20 alilolinunua 1969, na piki yake imetoboa tundu la pili kando ya lile la asili. Gitaa lina matundu mawili na bado dunia nzima inalijua kwa jina. Lako hata halijatoboka, lina safari ndefu.

Randa na Patasi

Sauti ya Sita, umenichekesha, ila lile la Willie thamani yake ni Willie. Tundu lenyewe ni hasara tu, na kuna fundi analikagua na kulikarabati miaka yote hiyo ili lisimvunjikie jukwaani. Mimi nikipeleka gitaa lenye matundu mawili sokoni, wataniuliza kama limeliwa na panya.

Mwenye mada, nina miaka kadhaa nafungua na kufunga magitaa, kwa hiyo nitaongea kwa urefu kidogo.

Jamaa wa fanicha mshukuru na umwambie hapana. Msasa hauchagui. Uso wa gitaa unene wake ni milimita 3 hivi, na fundi wa meza amezoea kushusha milimita nzima bila hata kujiuliza. Halafu vanishi ya meza inapakwa nene, ya kuvumilia vikombe vya moto. Ukiilaza hiyo juu ya ubao unaotakiwa utetemeke, umelivalisha gitaa koti la mvua. Na wanunuzi wa magitaa ya zamani wakiona uso uliopakwa upya jambo la kwanza wanalowaza ni kwamba kuna kitu kimefichwa chini yake. Weusi wa jasho hauna shida, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, basi.

Freti usibadilishe. Vishimo vya freti tatu vinasawazishwa kwa tupa kama bado zina kimo cha kutosha, na hiyo ni kazi ambayo mnunuzi anaweza kutaka ifanywe na fundi wake.

Sasa nije kwenye sentensi yako niliyoirudia mara mbili. Makovu umeyaeleza kwa aya nzima, hadi mswaki tumeujua. Halafu ukapitisha haraka: "nyuzi ziko juu kidogo". Mkuu, hapo ndipo gitaa lako lilipo. Mengine yote ni ngozi, hiyo ni mfupa.

Chukua rula. Tyuni gitaa kwanza, kisha nenda freti ya 12. Pima nafasi kati ya mgongo wa freti na tumbo la uzi wa sita, bila kuubonyeza uzi. Gitaa la nyuzi za chuma lililo sawa linasoma kama milimita 2.5 hapo, na uzi wa kwanza chini kidogo ya 2. Niambie lako linasoma ngapi. Halafu angalia ule mfupa mweupe uliosimama darajani, umebaki na kimo gani juu ya mbao ya daraja. Mwisho chukua kitu kirefu kilichonyooka kabisa, kilaze juu ya freti katikati ya shingo mpaka kifike darajani. Kinapaswa kupita sawa na uso wa juu wa daraja, au kuuparaza. Kikigonga daraja kwa mbele, chini ya uso wake, tuna maongezi.

Usikimbilie kukaza nondo ya shingoni, ule mchuma uliofichwa ndani. Nondo inanyoosha shingo iliyopinda kama upinde. Shingo ikiwa imenyooka lakini imeinama yote kuelekea mbele, nondo haina inachoweza. Kujua ni ipi kati ya hizo, bonyeza uzi wa sita freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, uangalie nafasi iliyobaki freti ya 7. Ikitosha tu karatasi ngumu kama ya kadi, bila kubaki nafasi kubwa, shingo iko sawa.

Na nina maswali matatu juu ya tangazo. 1967 umeitoa wapi? Ubao mzima umejuaje? Na hiyo rozwudi ya Brazili nani kakuthibitishia?

KidoleGumba

Fundi, yote matatu aliniambia aliyeniuzia. Alikuwa mtu mzima, anaongea taratibu, sikuona sababu ya kubishana naye.

Randa na Patasi

Basi kwenye tangazo lako anaongea yeye, miaka 23 baadaye, na akikosea utakayeitwa mwongo ni wewe.

Mwaka: FG-180 zilianza kutoka 1966. Karatasi yako itakuwa imeandikwa Nippon Gakki, ambalo ndilo lilikuwa jina la kampuni hadi 1987 ilipobadilishwa kuwa Yamaha Corporation. Kwa hiyo jina hilo peke yake halikupi mwaka, linakupa ukomo tu. Wekundu wa karatasi ndio unaoonyesha ni la miaka ya mwanzo. Andika "la kizazi cha kwanza, karatasi nyekundu", weka picha ya karatasi na namba, wenye kuzifuatilia watakwambia wenyewe. Martin ndiyo rahisi, namba zao zinafuatana moja kwa moja tangu 1898 walipoanzia 8000, unafungua jedwali unapata mwaka. Wengine hawakutuhurumia hivyo.

Mti: usibahatishe. Rozwudi ya Brazili ni Dalbergia nigra, ukoo mmoja na mpingo wetu, na tangu 1992 iko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, yaani pale penye masharti makali kuliko pote. Ukiliandika hilo na mnunuzi yuko nchi nyingine, umejitengenezea kesi ya vibali kwa maneno ya mzee anayeongea taratibu. Andika "mbao nyeusi-kahawia" ukome hapo.

Ubao mzima au mbao za kubandika: washa tochi, angalia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao unayoiona usoni, kwenye ubao mzima inageuka na kushuka na ukingo hadi chini, mstari kwa mstari. Kama ni tabaka zilizobandikwa, mistari ya juu inakatikia ukingoni na chini yake unaona tepe zinazolala. Mimi jibu la FG-180 ninalo. Nataka uone kwa macho yako.

BintiKapo

Naomba niongee kwa niaba ya sisi tunaonunua kwa picha.

Miaka minne iliyopita niliona gitaa la zamani, picha saba, zote za mbele, zote zimepigwa na jua la jioni likiwa zuri hadi nikapenda. Tangazo lilisema "linapigika vizuri sana". Lilipofika nikalitoa kwenye kasha, nikashika G, likaitika. Nikapanda freti ya tano kushika barre, yaani kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, mkono ukagoma. Nyuzi zilikuwa mbali kiasi kwamba nikizibonyeza sauti inapanda, kodi yote inatoka nje ya tyuni. Nikamuuliza muuzaji, akajibu, "Mimi huwa napiga kodi za chini tu." Hakuwa amedanganya! Kwake lilikuwa linapigika vizuri sana. Fundi alipolikagua, akakuta mfupa wa darajani umeshachongwa hadi umelingana na mbao, yaani kuna mtu alishamaliza dawa yote.

Kwa hiyo kaka KidoleGumba, mimi picha ya mbele usinipe, najua gitaa linafananaje. Nipe picha ya ubavuni, kamera iwe usawa wa nyuzi, nione daraja na mfupa. Nipe ya freti ya 12 na rula ikionekana. Nipe ya freti za kwanza taa ikitokea pembeni ili vishimo vitoe kivuli. Nipe ya ndani kupitia tundu. Na uniambie ukiligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole kuna kitu kinatetema au la, maana mbavu za ndani zikiachia gundi zinalia kama nzi kwenye chupa.

Mzee wa Soko

Mkuu KidoleGumba, hawa wanakuharibia biashara. Nimeuza vitu vilivyotumika maisha yangu yote, na kanuni yangu ni hii: mnunuzi ana macho. Wewe andika jina, weka picha nzuri, sema "lina dalili za kutumika". Akija akalipenda atalipa, asipolipenda ataondoka. Ukianza kuorodhesha milimita unamfundisha mtu namna ya kukukata bei. Nani anauza ng'ombe huku anahesabu kupe?

BintiKapo

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ndiye yule niliyekuwa na macho, na picha saba nikazitazama zote. Gitaa lile nililirudisha, muuzaji akalipia usafiri wa kwenda na kurudi. Hiyo bei ya "macho ya mnunuzi" aliilipa yeye.

Mzee wa Soko

Marahaba, binti. Huyo hakujua kuuza.

KidoleGumba

Fundi, nilikusoma nikakasirika, nikazima simu. Baadaye nikaenda kutafuta rula ya mwanangu.

Freti ya 12, uzi wa sita: milimita 4. Uzi wa kwanza: 3. Mfupa wa darajani umesimama milimita 1.5 upande wa nyuzi nene, na chini ya hapo upande wa nyembamba. Ile kadi freti ya 7 inapita bila kusukuma nyuzi wala kubakiza nafasi, kwa hiyo shingo yenyewe imenyooka. Kwa kitu kirefu nilitumia rula ya chuma ya kushonea. Niliilaza juu ya freti, nikaisogeza polepole kuelekea daraja, na moyoni nilikuwa nasema panda, panda. Ikagonga daraja kwa mbele. Chini ya uso wake, karibu milimita 2.

Nikapitisha na karatasi nyuma ya daraja, maana nilisoma mahali kwamba gundi ikiachia karatasi inaingia. Haiingii. Kuligonga nimeligonga, kimya, isipokuwa kitu kidogo kama punje kinachosogea ndani ukiligeuza, sijui ni nini.

Sasa la tundu. Nikawasha tochi ya simu, nikainama hadi pua ikagusa nyuzi. Mistari inakuja vizuri, imenyooka, myembamba, inafika ukingoni. Halafu inakata. Chini yake kuna utepe wa rangi iliyokolea, chini ya huo kuna mwingine mweupe. Kama kurasa tatu za daftari zilizogandana. Miaka 23 nimewaambia watu ni ubao mzima. Kuna mtu nilibishana naye hadi tukanuniana wiki mbili, na alikuwa sahihi.

Nisiwafiche, nililiweka chini nikakaa.

Randa na Patasi

Pole, lakini simama, maana habari ya tundu si mbaya unavyodhani. FG-180 ndivyo zilivyojengwa, uso wa tabaka, na watu wanazitafuta hivyo hivyo wakijua. Sauti uliyoisikia miaka 23 haikubadilika leo kwa sababu ya tochi.

Tena inakutetea kwenye ufa. Ubao mzima hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, hasa hewa ikikauka. Ndiyo maana wenye magitaa ya hivyo wanalinda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Tabaka zinavutana kwa kupishana, kwa hiyo hupasuka kwa nadra. Ingiza kioo kidogo na taa ndani, tazama upande wa chini wa ule mstari wako. Bonyeza taratibu upande mmoja na mwingine kwa nje. Kama ndani hakuna alama na pande hazipishani, iliyopasuka ni vanishi. Iandike hivyo na usizibe kitu.

Kwa punje ya ndani, ligeuze tundu liangalie chini ulitikise.

Shingo sasa. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma inavuta kwa zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Miaka hamsini ya kuvutwa hivyo, uso unavimba kidogo nyuma ya daraja, kifua kinazama kidogo, na kisigino cha shingo kinafuata. Si kwamba ulilitunza vibaya. Ndivyo magitaa ya chuma yanavyozeeka, ya kifahari na ya kawaida.

Hesabu yake ni hii. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukichonga milimita 2 darajani, freti ya 12 inashuka 1. Wewe una 4, unataka 2.5, ushushe 1.5. Utahitaji kuchonga 3. Mfupa wako una 1.5 juu ya mbao. Hata ukiumaliza wote hufiki, na ukishaulaza hivyo, uzi unapita darajani bila kupinda, haukandamizi tena, sauti inakufa. Ndicho alichofanyiwa dada BintiKapo.

Dawa ya kweli ni kuivua shingo: kuchomoa freti moja, kutoboa, kuingiza mvuke hadi gundi ya ulimi wa shingo ilainike, kuitoa, kuchonga kisigino upya, kuirudisha kwa pembe sahihi. Kwa gitaa la aina yako gharama inaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe au kuizidi. Ningekuwa wewe nisingeifanya ili niuze. Ningeandika namba zote tatu, 4, 1.5 na ile ya rula kugonga chini, kisha nikapunguza bei kwa kadiri hiyo. Wapo wanaojua kuifanya wenyewe nyumbani na wanatafuta la kufanyia kazi. Wapo pia wanaopiga kwa kutelezesha chupa juu ya nyuzi, ambao wewe unaona nyuzi ziko juu, wao wanaona ziko mahali pake.

Na kidole chako. Nisichukuliwe kuwa daktari, lakini umebonyeza nyuzi za milimita 4 kwa miaka 23.

KidoleGumba

Hilo la mwisho nimelisoma mara tatu. Haya.

Kioo nimetumia cha kunyolea. Ndani hakuna mstari, pande hazipishani. Ni vanishi. Nimelitikisa pia, kilichotoka ni piki mbili, moja nilimshutumu nayo mdogo wangu.

Mzee wa Soko, shikamoo, nimekuelewa ila sitaweza. Mtu akinipigia akaniuliza kwa nini sikumwambia, nitamjibu nini, kwamba alikuwa na macho?

Tangazo jipya ni hili, nikosoeni:

"Yamaha FG-180, karatasi nyekundu (picha ipo, na namba). Mwaka kamili siujui. Uso ni wa tabaka, si ubao mzima. Freti ya 12: uzi wa sita mm 4, wa kwanza mm 3. Mfupa wa darajani umebaki mm 1.5. Rula juu ya freti inagonga daraja mm 2 chini ya uso wake, yaani shingo inahitaji kuvuliwa kama unataka nyuzi za chini. Shingo yenyewe imenyooka. Freti 1 hadi 3 zina vishimo. Daraja halijaachia, mbavu hazilii. Mstari nyuma ya daraja ni wa vanishi tu, ndani hakuna ufa. Vanishi imeisha chini ya tundu na mahali pa mkono. Kigingi kimoja si cha asili. Pini ya uzi wa tano ni mswaki. Kodi za chini linaimba. Ukipiga kwa chupa, njoo haraka."

BintiKapo

Gitaa lingine silihitaji, na hili ningelinunua. Badilisha nyuzi kabla ya kupiga picha, hizo zenye kutu zinafanya hata shingo nzima ionekane mgonjwa.

Randa na Patasi

Usiguse hata neno. Ukilisafirisha, legeza nyuzi kidogo, jaza nafasi chini ya shingo na kuzunguka kichwa ndani ya kasha. Yanayovunjika njiani mengi yanavunjikia shingo ya kichwa, kwa sababu kichwa kinaning'inia hewani.

Mzee wa Soko

"Pini ni mswaki." Mungu wangu.

KidoleGumba

Wakuu, wiki tatu zimepita, nimerudi na mrejesho.

Waliuliza watu watano. Wawili walitaka bei ya chini kuliko hiyo niliyokuwa nimeshaipunguza, mmoja aliniuliza kama nina la ubao mzima. Wa nne aliandika mara moja akapotea. Wa tano alikuja mwenyewe.

Kijana mkimya. Alitoa rula yake mfukoni, ndogo, ya chuma. Akatyuni kwanza, kama fundi alivyosema. Akapima freti ya 12, akanitazama, akapima tena. Akasema, "Mzee, hii ni 5."

Nikaenda kuleta rula ya mwanangu tukaziweka pamoja. Ya plastiki, ya shule. Sifuri yake haianzii ukingoni, inaanzia milimita moja ndani! Mimi nilikuwa nasimamisha ukingo juu ya freti na kusoma. Kwa hiyo tangazo zima nililoliandika kwa uaminifu wote ule, hadi Mzee wa Soko akamwita Mungu, namba yake kubwa ilikuwa ya uongo. Nilitaka kuzama ardhini. Nikamwambia tushushe bei. Akauliza, mengine yote nilipimia rula ipi? Nikamwambia za nyuzi na mfupa ni hiyo hiyo, ya daraja ni ya kushonea. Akapima zote upya, akaandika kwenye simu yake, tukashusha kidogo, tukapeana mkono. Shingo ataivua mwenyewe, amesema ameshavua mbili.

Kabla ya kuliweka kwenye kasha alilipindua juu chini aangalie mgongo, na ile punje ikasogea tena. Akalitikisa. Ikatoka nusu ya pini nyeusi, ya asili, ile ya mwaka wa kwanza. Sijui ilikuwa imenasa wapi siku zote hizo. Nikamwambia aitupe. Akaitia mfukoni, na ya mswaki akaiacha mahali pake.

Randa na Patasi

Ya rula ni kosa langu, mkuu. Nilipaswa kukwambia uangalie sifuri, na wanafunzi wangu huwa nawaambia siku ya kwanza. Kwa hiyo mfupa haukuwa 1.5 bali 2.5?

KidoleGumba

2.5 kamili. Ila na nyuzi nazo 5, kwa hiyo hesabu yako inarudi pale pale, hautoshi. Nimepiga hesabu mwenyewe safari hii.